Kisauni, Tunguu na daftari la uzito

Najua niliahidi kuandika habari za mtihani wa takwimu, lakini mtihani wenyewe sitaki hata kuukumbuka, kwa hiyo leo kaeni nikupeni historia. Ni ndefu kidogo. Chukua chai kabisa.

Wiki iliyopita nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea shangazi anatoka Pemba. Ndege ikachelewa, si mnajua tena. Nikakaa nje kivulini karibu na mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, kofia yake ya kiua, fimbo yake, anamsubiri mjukuu anatoka Muscat. Nikamwamkia. Akaniuliza nasoma wapi, nikamwambia Tunguu. Akanitazama, akasema, "Tunguu kwenye mitambo?"

Mitambo gani, babu? Mie mwaka wa tatu huu niko Tunguu, mtambo ninaoujua ni ule wa fotokopi na huo nao umekufa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Basi hapo ndipo alipoanza kunihadithia mambo mawili, la uwanja ule tuliokaa na la Tunguu yetu, na niliporudi dakhalia sikulala, nikaanza kusoma. Haya ninayoandika nusu ni ya kusoma na nusu ni ya mzee, na nitasema ipi ni ipi.

Tuanze na uwanja. Wengi wetu tunaujua kwa jina la Abeid Amani Karume, lakini jina hilo ulipewa 2010. Kabla ya hapo ulikuwa Uwanja wa Kimataifa wa Zanzibar, na kabla ya hapo ulikuwa Kisauni tu, kwa jina la mtaa. (Kuna rafiki yangu wa Mombasa, kila nikisema Kisauni anadhani nazungumzia kwao. Tuliwahi kubishana robo saa nzima.) Wazee mpaka leo utawasikia wanasema "ndege za Kisauni", na ukiwa na bahati utamsikia bibi mmoja anasema eropleni.

Ndege za abiria zilianza kuzoeleka pwani yetu miaka ya 1930. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiishi Kenya, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na kampuni ile ikawa na safari ya pwani: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Vindege vya zama zile vilikuwa vya mbao na kitambaa, bawa juu ya bawa, watu wachache na magunia ya barua. Kuanzia 1937 Imperial Airways ikaleta ndege kubwa za kutua majini, kutoka Uingereza mpaka Durban, zikiteremka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Unguja haikuwamo kwenye vituo vile. Nyie fikirieni, kisiwa ambacho miaka mia nyuma kila jahazi la Bahari ya Hindi lilikuwa linakuja kutia nanga, ilipokuja safari ya angani sisi tukawa wa kuunganishwa kwa kindege kidogo. Kwa hiyo kiwanja cha Kisauni ndicho kilichotufungulia mlango. Bila ya kile tungebaki na meli tu.

Vita vya 1939 vikaimaliza Wilson Airways. Tarehe 1 Januari 1946 ikaanza East African Airways, na ndege sita za aina ya Dominie. Hapa pana jambo lililonichekesha kisha likanisikitisha. Mtaji ule ulichangwa na serikali nne: Kenya asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, na Zanzibar asilimia 0.7. Yaani katika kila shilingi mia, sisi tulitia senti sabini. Lakini senti sabini zile zilitufanya tuwe wenye mali, si abiria tu. Baadaye zikaja Dakota, na miaka ya 60 zikaja Fokker F27, zile mabawa juu, dirisha kubwa, unaona kisiwa chote. Shirika likafa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, kila nchi ikachukua njia yake.

Sasa mzee. Alikuwa mpagazi pale Kisauni zamani za East African. Aliniambia kwamba kwenye ndege ndogo walikuwa hawapimi mizigo peke yake, wanapima na watu. Unapanda mzani na kikapu chako, namba inaandikwa, rubani anajua nani akae mbele nani nyuma. Yeye alikuwa anajua kusoma na kuandika vizuri, kwa hiyo akapewa kazi ya daftari. Anasema kina mama walikuwa hawapendi kusomewa uzito wao mbele za watu, basi akawa anaandika kimya kimya na kumwonesha rubani kwa kidole. Bwana mmoja mnene wa mjini alimpa shilingi apunguze ratili kumi. Nikamuuliza, ukapunguza? Akasema, "Nilichukua shilingi, uzito nikaandika ule ule. Ndege haipokei rushwa."

Nikamuuliza daftari liko wapi. Lipo, moja. Liko nyumbani kwake ndani ya mfuko wa mchele, mchwa wamekula kwa upande.

Basi shangazi akafika, mazungumzo yakakatika, lakini la Tunguu alikuwa keshanidokeza. Nalo ndilo kubwa.

Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga hapa Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, sehemu ya mradi wa Mercury, ule wa kumpeleka Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Wakachagua Tunguu. Kwa nini Tunguu? Si kwa mapenzi. Chombo kilikuwa kinarushwa kutoka Cape Canaveral, kinavuka Atlantiki, kinapita juu ya Kano, Nijeria, kisha kinakuja juu yetu na kuingia Bahari ya Hindi kuelekea Australia. Zama zile hapakuwa na setilaiti za kupokezana mawasiliano. Kila kituo ardhini kinamsikia rubani kwa dakika chache tu, kisha chombo kinazama upeoni na kituo kinachofuata kinapokea. Ni kama kupokezana kijiti. Unguja ikawa mkono mmoja katika mikono hiyo: kupokea sauti, kupokea taarifa za chombo, mpaka mapigo ya moyo wa rubani.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akaruka. Huko kwao ilikuwa saa 3:47 asubuhi, kwa saa zetu saa 11:47 jioni. Baada ya kama nusu saa akawa anapita huku. Nikakaa nikapiga hesabu ya kalenda: ilikuwa katikati ya Ramadhani. Yaani wakati watu wa Tunguu wanapasha uji na kusubiri adhana ya Magharibi, juu ya vichwa vyao alikuwa anapita mtu ndani ya kopo la chuma, na chini, pahala wanapopaita mitambo, watu wamevaa visikilizio wanazungumza naye. Baada ya kutupita tu, Glenn akaliona jua linazama Bahari ya Hindi, machweo yake ya kwanza angani. Mie nilipogundua hili niliamka kitandani nikamwamsha mwenzangu wa chumbani saa 7 usiku. Hakufurahi.

Lakini si kila mtu hapa Unguja alifurahi na mitambo ile. Tangu mwanzo palikuwa na upinzani mkali, hasa kutoka chama cha ZNP na vijana wake. Wengi waliamini ni kituo cha roketi za vita, na kwamba ikitokea vita baina ya wakubwa, kisiwa chetu ndicho kitakachopigwa. Leo tunajua kilikuwa cha kusikiliza tu, lakini usiwacheke. Hawakuulizwa. Waliokubaliana walikuwa London na Washington, na ardhi ni ya Unguja. Yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964, meli ya kivita USS Manley ikawachukua raia wa Marekani, wakiwemo wa Tunguu. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule serikali ya Mzee Karume ikaamua mitambo iondoke, na ikaondoka. Kazi yake ikahamia Madagaska. Mwezi huo huo, tarehe 22, Mwalimu Nyerere akaja kwa ndege kutia saini Hati za Muungano. Aprili moja, mambo yote hayo.

Na mie nimekaa hapa mwaka wa tatu, vyuo vikuu viwili viko Tunguu hii, maelfu ya wanafunzi wanashuka kwenye daladala ya Makunduchi kila asubuhi, na sijaona hata kibao cha mbao kinachosema hapa palikuwa na nini.

Mwenzangu wa chumbani (alipoacha kununa) akanipinga vizuri. Akasema, hiyo historia ya Waingereza na Wamarekani, sisi yatuhusu nini? Wao walikuja na vyao, wakaondoka na vyao. Tuhifadhi majahazi, tuhifadhi milango.

Nimemfikiria siku mbili. Mimi naona milango imeshapata watetezi. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, na bado tunahangaika nao. Beit el Ajaib ilianguka sehemu yake Disemba 2020 na watu wakafa. Najua pesa za kuhifadhi ni chache. Lakini mtu aliyeandika uzito Kisauni hakuwa Muingereza. Waliopika, waliolinda, walioendesha magari kwenda mitamboni Tunguu walitoka vijiji hivi hivi. Walioandamana kuipinga ni wetu, na uamuzi wa kuifunga ni wetu. Ukisema ile ni historia yao, umewapa wao mpaka maandamano yetu. Hapo mwenzangu akanyamaza, ingawa nahisi alikuwa amelala.

Angalieni wenzetu. Uwanja mdogo wa Nairobi ulipewa jina la Wilson mwaka 1962 na mpaka leo ndilo jina lake, na klabu ya marubani ya pale, Aero Club of East Africa, ipo tangu 1927. Huko karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini la San Marco. Ile ya 12 Disemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya wanaanga dunia nzima! Sisi tulikuwa na Zanzibar kwenye ramani ya Mercury na hata wanafunzi wa Tunguu hatujui.

Sisemi uwanja mpya ni mbaya. Njia ya kurukia iliongezwa kutoka mita 2,462 hadi 3,022 na kumalizika 2010, ndiyo maana ndege kubwa za moja kwa moja zinatua. Terminal 3 ilianza kujengwa 2011, ikachukua kama miaka kumi, na leo mgeni anashuka kwenye jengo la maana. Mie mwenyewe nikipita pale natembea kifua mbele. Ninachosema ni ukuta mmoja tu mle ndani. Picha ya kiwanja cha majani, picha ya Dakota, jina la Kisauni, na majina ya wapagazi kama yanapatikana. Watu wanakaa pale masaa wanasubiri ndege, wangesoma. Picha ziko mikononi mwa watu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, ya marehemu Ranchhod Oza, inapiga picha tangu 1930, na kila nyumba ya kizamani ina albamu yenye mtu amesimama mbele ya ndege kavaa suti ya harusi.

Karatasi ndiyo inayonitia wasiwasi. Nilipita ofisi moja (jina naliacha) kuuliza makabrasha ya zamani ya safari za ndege. Kijana wa pale akaniambia kwa upole kabisa kwamba walipohama chumba yale mabovu yalichomwa. Hakuwa na ubaya, aliambiwa asafishe akasafisha. Nikalikumbuka daftari la mzee ndani ya mfuko wa mchele.

Jana nilimpigia simu. Mjukuu wake akapokea, akasema babu yuko msikitini, na kwani ni lile daftari la mizani? Maana walikuwa wanataka kumwaga vitu vya stoo kabla ya mwezi kuandama. Nikamwambia tafadhali kaka, usilitupe, nakuja kesho kutwa. Akacheka, akaniuliza lina pesa ndani?

Nakwenda Jumamosi asubuhi na simu ya kupigia picha kurasa, moja moja, na kinasa sauti nimeazima kwa binti mmoja wa uandishi wa habari. Kama kuna mtu ana babu au bibi aliyefanya kazi Kisauni au mitamboni Tunguu, aniambie, nauli nitajitegemea. Na mwenye dawa ya mchwa isiyoharibu karatasi anijulishe kabla ya Ijumaa.