Msongo wa mawazo wakati wa ujauzito

Ni dhiki ya muda mrefu inayompata mama mjamzito. Homoni ya kotisoli hupanda mwilini. Kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa yake isimfikie mtoto tumboni, ila dhiki ikizidi kinga hiyo hulegea. Tafiti huihusisha hali hii na wasiwasi, sonona na utukutu kwa watoto, japo hatari kuongezeka si hukumu. Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Victoria visababishi havikosi: mafuriko ya mto Nyando, ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na hasa jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulala na mvuvi ili auziwe omena, yaani dagaa. Mimba haimwondoi ufuoni alfajiri. Kliniki humpima presha na damu. Analalaje usiku, huulizwa kwa nadra.