Fidia: matumizi katika madai ya majeruhi wa bodaboda

Fidia (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ni malipo ya kurudisha, kadiri fedha inavyoweza, kile alichopoteza mtu kwa kosa la mwingine. Asili yake ni Kiarabu, ambamo lilihusu malipo ya kumkomboa mateka. Lisichanganywe na *dia*, ambayo kwa kawaida ni malipo ya damu kwa jamaa wa aliyeuawa, wala na *faini*, ambayo huingia serikalini.

Utata mkubwa umo katika kihusishi. *Fidia ya dereva* yaweza kuwa anayolipa au anayolipwa. Kwa mpokeaji tumia *kwa*, kama katika jina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hasara tumia *ya*: *fidia ya ulemavu wa kudumu*. Kitenzi hakina shida hiyo: *Mahakama iliamuru mmiliki wa pikipiki amfidie abiria kipato alichopoteza.*

Tangu sheria ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, mtafsiri hawezi kukwepa jozi hii: *fidia mahususi* na *fidia ya jumla*. Ya kwanza huhesabika (stakabadhi za hospitali, nauli, mguu bandia) na ni lazima itajwe kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Ya pili, kama ile ya maumivu, hukadiriwa na mahakama. Wapo wanaoandika *fidia maalumu*. Napendelea *mahususi*, kwani *maalumu* hunukia upendeleo.

*Kifuta machozi* si fidia. Serikali ya Tanzania hutumia neno hili kwa malipo ya waliojeruhiwa na wanyamapori, na husisitiza tofauti hiyo. Vivyo hivyo *mkono wa pole*: dereva apelekapo fedha wodini, hajakiri deni. Lakini karatasi ikiandikwa kwamba majeruhi "amepokea fidia", upande wa pili waweza kudai kuwa shauri limekwisha. Aandikaye hati hiyo na aeleze fedha zilikuwa za nini.

Katika *bima ndogo*, *mtu wa tatu* si shahidi wala mpita njia tu. Wa kwanza ni mwenye bima, wa pili kampuni, wa tatu aliyedhurika. Kwa hiyo dereva mwenye bima aliyejiangusha peke yake hamo.