Mitishamba katika chakula cha kuku wa uzazi: ipi inafaa, na ipi huharibu mayai

Kuku wa uzazi ni tetea anayefugwa ili mayai yake yatotolewe, si yaliwe. Kwa hiyo afya yake haipimwi kwa wingi wa mayai peke yake, bali kwa idadi ya vifaranga hai wanaotoka baada ya siku 21. Mfugaji anayetaka kuongeza majani, mizizi au mbegu katika chakula chake hana budi kuizingatia tofauti hiyo, kwa maana mmea unaomfaa kuku wa nyama waweza kuvuruga uzazi wa tetea na jogoo.

Katika Sekta ya Mururu, Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, jambo hili lina uzito. Sekta hiyo iko karibu na mto Rusizi, mkabala na mji wa Bukavu, na mayai na kuku kutoka Rwanda huuzwa hadi ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Mimea haiadimiki mahali penye mvua ya kutosha. Malighafi ya chakula nayo haiko mbali: mpunga wa bonde la Bugarama hutoa pumba, na Ziwa Kivu hutoa sambaza, samaki wadogo wenye protini nyingi.

Kwa nini mitishamba?

Kwa miaka mingi, wafugaji wa nchi zilizoendelea walitia viuavijasumu kidogo kidogo katika chakula cha kuku ili wakue haraka. Desturi hiyo ilizidisha vimelea sugu visivyosikia dawa, hatari inayomfikia hata binadamu. Uswidi iliipiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaifuta kabisa tarehe 1 Januari 2006. Tangu hapo, viwanda na watafiti wamegeukia mimea yenye harufu kali kama vile kitunguu saumu, tangawizi na manjano.

Rwanda nayo ina historia yake katika utafiti wa mimea. Katika miaka ya 1980, Luc Van Puyvelde na wenzake walichunguza umuravumba, mmea unaojulikana sana katika tiba za jadi, wakapata ndani yake kemikali inayozuia bakteria. Hata hivyo, kinachoua bakteria katika maabara si lazima kifanye vivyo hivyo ndani ya utumbo wa kuku. Umuravumba usitiwe katika chakula cha kila siku kwa kigezo hicho pekee.

Mimea yenye manufaa

Majani ya mlonge yaliyokaushwa yana protini ya takriban robo ya uzito wake, pamoja na vitamini na rangi inayofanya kiini cha yai kiwe cha manjano iliyokolea. Kiasi cha kilo 5 katika kilo 100 za chakula kinatosha. Yakizidi mno, utagaji waweza kushuka.

Kitunguu saumu husaidia usagaji wa chakula na kupunguza baadhi ya vimelea vya tumbo. Kilo moja ya unga wake kwa kilo 100 za chakula ni mwanzo mzuri. Tangawizi na manjano hutumika kwa kiasi hicho au pungufu yake.

Mboga mbichi za majani, kama mchicha, unaoitwa dodo nchini Rwanda na lengalenga upande wa Kongo, zisidharauliwe. Majani mabichi yana vitamini B2. Tetea akiikosa, huendelea kutaga mayai yanayoonekana mazima, lakini vijusi hufia ndani, au vifaranga hutoka na vidole vilivyojikunja.

Mimea ya kuhadhari

Mwarobaini hutumiwa dhidi ya minyoo na viroboto, lakini una kemikali zilizoonyesha kupunguza uwezo wa kuzaa kwa wanyama. Mbegu za papai, zinazosifiwa kwa kutoa minyoo, nazo zimeonekana kudhoofisha mbegu za kiume katika majaribio ya wanyama wa maabara. Ni busara kuviepusha vyote viwili na majogoo na matetea wakati mayai yanakusanywa kwa ajili ya kutotolesha.

Majani ya lukina, yanayolishwa ng'ombe na mbuzi, yana sumu iitwayo mimosini. Yakizidi kilo 5 katika kilo 100 za chakula cha kuku, ukuaji na utagaji huathirika.

Hatari nyingine ni ukungu. Majani yaoshwe, yakaushwe kivulini mahali penye hewa mpaka yavunjike mkononi, kisha yasagwe na kuhifadhiwa pakavu. Unga wenye harufu ya uvundo utupwe. Sumu ya ukungu, ambayo hupatikana pia katika mahindi na mashudu ya karanga yaliyohifadhiwa vibaya, hupunguza utagaji na idadi ya mayai yanayoanguliwa.

Kisichoweza kuzibwa na mitishamba

Tetea anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, kwani ganda la yai karibu lote ni chokaa. Hakuna jani linaloweza kuijaza kalisi hiyo. Chokaa ya mifugo au makombe yaliyosagwa ndiyo yanayohitajika. Jogoo mmoja atoshe matetea 8 hadi 10.

Vilevile, hakuna mmea unaokinga ugonjwa wa Newcastle, uitwao mdondo kwa Kiswahili na umuraramo kwa Kinyarwanda, ambao unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga ni chanjo. Aina ya I-2, inayostahimili joto, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo ikitolewa kwa maji ya kunywa, maji hayo yasitiwe kitunguu saumu wala dawa nyingine.

Namna ya kujaribu

Mfugaji asianze na mimea mitano kwa pamoja. Achague mmoja, awagawe kuku katika makundi mawili yanayofanana, kila kundi na jogoo wake, kisha alipe kundi moja tu unga huo. Kiini cha yai huchukua takriban siku 10 kukua, na tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwa hiyo matokeo ya uzazi yasihukumiwe kabla ya wiki tatu au nne.

Mayai yamulikwe kwa taa siku ya 7 na ya 18, na hesabu iandikwe: yaliyotiwa, yenye kijusi, yaliyoanguliwa. Yasiyo na kijusi yakiongezeka, kasoro huenda iko kwa jogoo. Vijusi vikifia ndani, chunguza chakula cha tetea na joto la mashine ya kutotolesha. Katika hali zote mbili, mmea unaojaribiwa usimamishwe kwanza. Kuku wakizubaa, wakiharisha au kuacha kutaga kwa ghafla, veterineri wa sekta aitwe mara moja.