Uhamisho wa Mwanafunzi: Barua Pekee Haitoshi

Mzazi anayemhamisha mtoto wa shule ya msingi hana budi kufahamu kuwa barua ya uhamisho yenye mhuri haikamilishi uhamisho. Kumbukumbu za mwanafunzi hutunzwa katika mfumo wa kielektroniki wa PReM, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na kila mwanafunzi ana namba yake ya pekee ambayo huambatana naye anapohama. Mwalimu mkuu wa shule anayotoka humhamisha mfumoni. Mwenzake wa shule anayokwenda humpokea.

Hatua hizo zisipokamilika, mtoto huketi darasani Dodoma huku jina lake likisomeka Mbeya. Kasoro hiyo yaweza kukaa kimya hata miaka miwili, ikaibuka wakati wa kusajili watahiniwa wa Darasa la Saba, muda ukiwa umekwisha kubana.

Kabla ya kuondoka, mzazi aandike namba hiyo na alinganishe majina yote na tarehe ya kuzaliwa na vilivyomo katika cheti cha kuzaliwa. Ripoti za maendeleo za kila muhula nazo ziombwe, kwani ndizo humwonyesha mwalimu mpya mtoto alipofikia. Matokeo ya mitihani ya Taifa, shule inayompokea inaweza kuyahakiki yenyewe katika tovuti ya NECTA. Nakala iliyochezewa haina pa kujificha.

Siku ya kuripoti, mzazi aombe kuhakikishiwa, kabla hajatoka ofisini, kuwa jina la mtoto limeingia katika orodha ya shule mpya.