Waliogonga Chuma: Habari za M.V. Bukoba

Ajali ya chombo haianzi siku kizamapo. Huanza pale habari inapokosa kufika, au inapofika isieleweke. Habari za M.V. Bukoba zathibitisha neno hili.

Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei, 1996, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Hati za safari zilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tusidhani kwamba orodha ni karatasi tu. Orodha ni ulimi wa meli: humwambia nahodha amebeba watu wangapi, na humwambia aliyebaki nchi kavu ni nani wa kutafutwa. Aliyepanda bila jina hakuhesabiwa akiwa hai, wala hakuhesabiwa kwa yakini alipokufa. Ndiyo maana hata leo waliokufa hutajwa kwa makisio, kwamba walizidi 800.

Jambo la pili ni zito zaidi. Meli ilipinduka, ikaelea juu chini. Waokoaji wakasikia watu wakigonga chuma kwa ndani. Ujumbe ulifika: tu hai. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Kumbe hewa iliyowahifadhi watu wale ndiyo iliyoishika meli isizame. Hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Waokoaji hawakukosa huruma. Walikosa mtu wa kuwafasiria walichokisikia.

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha M.V. Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamfuata ndani fundi wa chombo, wakamtoa akiwa hai katika nafasi iliyobaki na hewa. Lakini kivuko hicho kilistahili kubeba watu 101 tu, na waliokufa walizidi 220. Basi twaona kwamba somo la kuokoa lilikuwa limesogea. Somo la kuhesabu lilibaki pale pale.

Sisi wa Iyula tu mbali na ziwa hilo, ila barabara kuu iendayo Tunduma twaijua. Huko dereva wa lori huwasha taa ya kulia kumwonya aliye nyuma asipite. Na taa hiyo hiyo humaanisha kwamba anakata kulia. Alama ni moja, maana ni mbili. Afadhali wanaoitumia wapatane maana yake kabla ya safari, kwani barabarani hapana nafasi ya kuulizana.