Kabla ya Suti ya Mpira: Wanawake Wazamiaji wa Jeju na Baridi Yao

Katikati ya majira ya baridi, bahari ya kusini mwa Korea hupoa hadi nyuzi 10 hivi za selsiasi. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya kasi ya hewa, kwa hiyo mtu asiye na kinga akijitosa humo huanza kutetemeka upesi, vidole vikafa ganzi, na baada ya muda akili yenyewe ikaanza kuzubaa. Hadi miaka ya 1970, wanawake wa kisiwa cha Jeju waliingia katika maji hayo kutafuta riziki wakiwa wamevaa pamba.

Wanaitwa haenyeo. Hawatumii mtungi wa hewa. Huvuta pumzi, huinamisha kichwa, hushuka kung'oa abaloni, konokono wa baharini, majongoo bahari na mwani, kisha huibuka na kuitoa pumzi kwa mluzi mkali unaosikika mbali. Zamani kila mmoja alikuwa na kibuyu kilichokaushwa, kikielea juu na wavu wa mavuno ukining'inia chini yake. Kibuyu hicho kilikuwa boya lake na mahali pake pa kupumzikia kifua.

Vazi lao la pamba, mulsojungi, lilishonwa nyumbani. Lilikuwa na mkanda mmoja wa bega, na ubavu mmoja uliachwa wazi ili ufungwe kwa vifungo na kamba. Ukiutazama ubavu huo unaona akili ya aliyelibuni: mwanamke akikonda, akinenepa au akishika mimba, alilegeza au kukaza kamba na vazi likamkaa vilevile. Maana hata wenye mimba walizama.

Dhidi ya baridi, hata hivyo, pamba iliyolowa haina msaada. Kinga ya kweli ilikuwa ufukweni: duara la mawe lililojengwa kukinga upepo, moto ukiwaka katikati. Hapo ndipo walipobadilishia nguo, wakanyonyesha watoto walioletwa na ndugu zao, wakagombana na kupatana, na wakubwa kwa ujuzi wakapewa nafasi nzuri zaidi isiyofikwa na moshi. Wakati wa kiangazi mtu aliweza kukaa majini saa nzima au zaidi. Siku za baridi kali, mara nyingi hata nusu saa haikufika kabla ya kurudi motoni.

Miaka ya 1960 mwanafiziolojia Suk Ki Hong na wenzake walianza kuwapima wanawake hawa, na mwaka 1967 yeye na Hermann Rahn waliwaeleza wasomaji wa jarida la Scientific American waliyoyaona. Wazamiaji hawa hawakuwa wanene. Mafuta chini ya ngozi zao yalikuwa haba. Walibaki majini mpaka joto la ndani ya mwili likashuka karibu na nyuzi 35, hali ambayo daktari yeyote angeitazama kwa wasiwasi. Wakati wa baridi, miili yao iliunguza chakula kwa kasi iliyozidi ya kawaida kwa karibu asilimia 30, hata wakiwa wamepumzika. Waliweza pia kuvumilia maji ya baridi zaidi kuliko wanawake wengine wa Korea kabla ya kutetemeka. Mwili ulikuwa umejitengenezea kinga ambayo hakuna fundi aliyeishona.

Kinga nyingine ilikuwa imekwisha kubuniwa ng'ambo ya pili ya Pasifiki. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliyewahi kushiriki katika mradi wa bomu la atomiki, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alishughulikia tatizo la baridi kwa wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani. Waliomtangulia walihangaika kumweka mzamiaji mkavu. Bradner aliona kwamba ukavu si sharti. Kinachozuia joto lisipotee ni viputo vya gesi vilivyofungiwa ndani ya vazi, na maji machache yanayoingia kati ya vazi na ngozi hupashwa joto na mwili wenyewe, mradi yasibadilishwe na maji mapya. Neopreni, mpira uliobuniwa na kampuni ya DuPont tangu mwaka 1930, ukitiwa povu ulifaa kabisa kwa kazi hiyo.

Viputo hivyo vina udhaifu wake. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, viputo vikasinyaa, na suti ikawa nyembamba pale hasa inapohitajika. Ndiyo sababu unene hupimwa kwa milimita na kuchaguliwa kwa makini: 3 hutosha katika maji ya tropiki, 7 pamoja na kofia na glavu hutafutwa maji yakikaribia nyuzi 10. Suti kavu hukinga zaidi, lakini mtu akishuka nayo ni lazima aiongezee hewa, na haenyeo hana mtungi wa kuitoa hewa hiyo. Kwao mpira wa povu ulikuwa ndio chaguo, pamoja na mkanda wenye vipande vya madini ya risasi kiunoni, kwa kuwa suti nene huelea.

Suti hiyo ilipofika Jeju miaka ya 1970, zamu ya nusu saa ikageuka kuwa saa nne au tano. Kipato kikapanda. Mtu aliyewahi kupigwa na upepo wa bahari akiwa amelowa hawezi kuwalaumu wanawake hawa kwa kuipokea. Ila kukaa majini muda mrefu hivyo kulileta hofu ya kumaliza mavuno, na hofu hiyo ilikuwa na mizizi: mwishoni mwa karne ya 19, wazamiaji wa Kijapani waliovaa kofia nzito za shaba na kupulizwa hewa kwa bomba walikuwa wamekuja katika maji hayohayo na kuzoa abaloni kwa wingi. Sasa baridi, iliyokuwa ikimlazimisha kila mmoja kuacha, haikumzuia mtu tena. Vyama vya wavuvi vya vijiji vikabeba kazi hiyo: kupanga siku za kuzama, kufunga misimu, kukataza konokono wa chini ya sentimita 7, na kukataa mitungi ya hewa.

Hong na wenzake waliendelea kupima. Ndani ya miaka michache ya kuvaa mpira, ile kasi ya ziada ya kuunguza chakula ilitoweka, na uvumilivu wa kutotetemeka nao ukafifia. Maduara ya mawe yakaachwa, vikajengwa vyumba vyenye maji ya moto.

Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wao katika orodha ya urithi wa binadamu. Leo wamebaki chini ya 3,000, na wengi wamepita miaka 60. Utafiti ulioongozwa na Melissa Ilardo, uliochapishwa mwaka 2025, umeonyesha kwamba wakazi wa Jeju, wazamiaji na wasiozama, wana tofauti za kijeni zinazohusiana na shinikizo la damu na kustahimili maumivu ya baridi, huku kushuka kwa mapigo ya moyo mtu anapozama kukionekana zaidi kwa waliozoezwa na kazi yenyewe.