Nakawa na Naguru: Mitaa Iliyoletwa na Vita

Kilomita tano hivi mashariki ya katikati ya Kampala, barabara ya Jinja inapita bondeni Nakawa, na upande wake wa kaskazini kinainuka kilima cha Naguru. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ya Uganda, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipojenga mitaa miwili mikubwa ya nyumba za kupangisha kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nakawa ulikuwa wa watu wa mishahara midogo. Naguru, uliokuwa juu yake kwa ardhi na kwa hadhi, ulipendwa na makarani, mafundi na wasimamizi.

Kabla ya vita Kampala ilikuwa miji miwili iliyopakana. Mmoja ni Kibuga, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo, chini ya serikali ya Buganda. Wa pili ni mji wa wakoloni uliotanda Nakasero na Kololo, wenye ofisi, maduka ya Wahindi na nyumba za Wazungu. Kibarua alifanya kazi katika mji wa pili na kulala katika ule wa kwanza: Katwe, Kisenyi, Mulago, katika vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi inayomilikiwa na watu binafsi. Ramani ya mji iliyochorwa na A. E. Mirams mwaka 1930 haikumpangia mtu huyu mahali pa maana. Dhana ya watawala ilikuwa kwamba amekuja kutafuta fedha za kodi na nguo, na akishazipata atarudi kwao. Dhana hiyo iliokoa gharama, nayo labda ndiyo sababu ilidumu muda mrefu.

Vita viliivunja. Baganda, Waacholi, Walango na wengine wapatao 77,000 kutoka Uganda waliingia jeshini, na baadhi yao walipigana hadi Burma. Waliobaki waliona bidhaa zikiadimika. Nguo, majembe na baiskeli zilipanda bei huku mshahara ukibaki palepale. Pamba ya wakulima ilinunuliwa na serikali kwa bei iliyo chini ya ile ya soko la dunia, na ziada ikawekwa katika mfuko ambao mkulima hakuwa na sauti juu yake. Januari 1945 mgomo ulianza na kuenea katika miji ya Buganda na nje yake. Wafanyakazi wa serikali, wapishi, madereva na wapagazi waliacha kazi, na damu ikamwagika. Mweka hazina wa Buganda, Serwano Kulubya, alilazimika kujiuzulu. James Kivu, kiongozi wa chama cha madereva, na Ignatius Musazi walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Septemba mwaka huohuo Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi na kufa kwenye kanisa kuu la Namirembe. Jaji Mkuu Norman Whitley ndiye aliyechunguza chanzo cha ghasia za Januari.

Watawala walisoma matukio hayo kwa hofu. Maelfu ya askari walikuwa njiani kurudi, watu walioona dunia na kuzoea mshahara wa kila mwezi. Mfanyakazi aliyejibana katika chumba cha Kisenyi, mke wake yupo kijijini na yeye hana cha kupoteza mjini, alionekana kuwa hatari kuliko yule mwenye nyumba, familia na kazi ya kudumu. Fedha nazo zilianza kupatikana. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, iliyopitishwa London mwaka 1940 na kuongezwa nguvu mwaka 1945, iliruhusu Uingereza kugharamia miradi ya aina hii. Nairobi nako, mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika muongo huo kwa fikra zilezile.

Aliyepewa kazi ya kuichora Kampala mpya alikuwa mtu asiyetarajiwa. Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886, alikuwa na sifa ya kimataifa kwa kujenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi katika mji wake wa kuzaliwa kati ya 1925 na 1930. Kisha alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Hitler aliposhika madaraka May hakuweza kurudi kwao, akaja Afrika Mashariki, akalima Tanganyika na baadaye akafanya kazi ya usanifu akiwa Nairobi. Vita vilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya uraia wake, ingawa utawala uliomzuia kurudi kwao ndio huohuo Waingereza waliokuwa wakipigana nao. Miaka michache baadaye serikali ya Uganda ilimwita apange upanuzi wa Kampala kuelekea Kololo na Naguru, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1947.

May aliitazama milima na mabonde ya Kampala akaona njia ya kutenganisha watu bila kujenga ukuta. Kololo iligawiwa Wazungu na Wahindi. Naguru ikatengewa Waafrika, na mabonde ya kijani yakawa mipaka kati yao. Vitongoji vya Waafrika vingekuwa na shule, maduka na viwanja vyao. Alibuni hata nyumba za vipande vya zege vinavyounganishwa, zenye paa la upinde linaloshuka hadi chini. Aliamini kwamba Mwafrika angeweza kuwa mtu wa mjini, jambo ambalo wakubwa wengi wa wakati huo hawakulikubali. Lakini aliamini pia kwamba ni Mzungu wa kumwongoza hatua kwa hatua, na kwamba akae upande wake. Fikra za nyumba za wafanyakazi alizotoka nazo Frankfurt zilipofika Uganda zilivaa ubaguzi wa rangi bila taabu kubwa. Sehemu ndogo tu ya michoro ilitekelezwa. Henry Kendall, mpangaji miji wa serikali, alichukua nafasi yake na kuchora ramani mpya ya mji mwaka 1951, na mitaa ya Nakawa na Naguru ikajengwa kwa nyumba za kawaida zaidi, nyingi za chumba kimoja au viwili.

Kwingineko duniani vita vilitanguliza kiwanda, nyumba zikafuata. Henderson, katika jangwa la Nevada nchini Marekani, ulianza mwaka 1941 kama kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha magnesi kilichohitajiwa kwa ndege na mabomu, na ulipata hadhi ya mji mwaka 1953. Kampala, nyumba na viwanda viliota karibu wakati mmoja. Kampuni ya bia ya Uganda Breweries ilianzishwa mwaka 1946 huko Port Bell, ufukweni mwa ziwa, si mbali na Nakawa. Eneo la viwanda lilipanuka kando ya reli, ambayo ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Umeme wa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, ulifika katika karakana za barabara ya Jinja. Mkazi wa Nakawa aliweza kwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli.

Baganda hawakuhamia mitaa hiyo kwa wingi, kwa sababu wengi walikuwa na mashamba au jamaa karibu na mji. Waliojaa humo ni watu wa mbali, na miongoni mwao Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya walionekana sana. Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na kufanya utafiti humo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alieleza jinsi Wajaluo walivyojipanga kwa vyama vya koo na timu za mpira, huku majirani wa makabila tofauti wakipishana kati ya Kiswahili, Kiluganda na Kiingereza kutegemea wanaongea na nani na wanataka kuonekana nani. Katika nchi ambayo Kiswahili kilitazamwa kwa shaka na serikali ya Buganda huko Mengo, mitaa ya Nakawa na Naguru ilikuwa miongoni mwa mahali kilipotumika kila siku baina ya majirani.

Uhuru wa Oktoba 1962 uliugeuza ujirani huo kuwa suala la uraia. Mtu aliyefanya kazi Kampala miaka kumi na mitano akaanza kuitwa mgeni. Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote iliwaamuru Wakenya wasio na ujuzi maalumu waondoke katika ajira, na maelfu wakarudi Kisumu na kwingineko. Kabla ya hapo, mwaka 1968, mipaka ya jiji ilikuwa imepanuliwa ikazimeza Mengo, Kawempe na Nakawa. Chini ya Idi Amin, Wahindi walifukuzwa mwaka 1972, viwanda vingi vikadorora, na jina la Naguru likaanza kutisha. Katika chuo cha polisi kilimani hapo kiliwekwa kikosi cha Public Safety Unit, kilichojulikana kwa kutesa na kuua.

Mitaa yenyewe iliendelea kuzeeka chini ya halmashauri ya jiji. Udhaifu wake ulikuwapo tangu mwanzo: mfanyakazi alipewa nyumba ili atulie mjini, lakini hakupewa ardhi. Baadaye serikali iliuza baadhi ya fleti zake kwa waliokuwa wakikaa humo, zikiwamo za Bugolobi. Wakazi wa Nakawa na Naguru walibaki wapangaji. Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba na kampuni binafsi ijenge mji mdogo wa kisasa kwenye hekta 66 hivi, na wapangaji waliokuwapo, zaidi ya kaya 1,700, waliahidiwa fleti mpya. Julai 2011 waliondolewa na nyumba zikavunjwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Ujenzi uliokusudiwa haukufanyika, mkataba ukafutwa mwaka 2018, na viwanja vikaanza kugawiwa wawekezaji wengine huku wapangaji wa zamani wakiendelea kudai ahadi yao. Jina la Nakawa sasa linabebwa na moja ya divisheni tano za jiji, yenye Kyambogo, Ntinda, Luzira na Bugolobi ndani yake, na viwanda vipya vimesogea mbele zaidi kwenye barabara ileile ya Jinja, hadi Namanve.